Kwa nini London waliifuta Citaro ya kukunjika kabla haijafikisha miaka kumi, wakati Ujerumani bado wanayo?

#1 Gerezani_Kituoni
Wakuu, salaam.

Nina hoja, naomba walioko Ulaya na waliowahi kuendesha au kutengeneza mabasi waichangie. Mercedes-Benz Citaro ni basi la mjini la sakafu ya chini, lilitoka 1997 kuchukua nafasi ya O405N. Zimeshauzwa zaidi ya 50,000. Toleo lake refu, Citaro G ya mita 18 yenye kiungo katikati na milango mitatu, liliingia London, likaenea njia 12 kwa mabasi yanayokaribia 390, na Desemba 2011 la mwisho likaondolewa barabarani.

Msimamo wangu ni kwamba basi lile halikuwa na kosa. Lilifukuzwa na siasa. Boris Johnson aligombea umeya 2008 akiahidi kuliondoa, akashinda, akaliondoa. Kama lingekuwa bovu, Wajerumani wangeshaliacha siku nyingi.

Nauliza kwa sababu Dar tuna mabasi ya mita 18 ya mwendokasi tangu Mei 2016, na bado watu wanabishana kama yanatufaa. Waliotutangulia kuyakataa, waliyakataa kwa lipi hasa?

#2 MtuWaLeyton
Mkuu, ile 25 ya Ilford mpaka Oxford Circus nimeipanda sana. Jibu ni nauli, basi. Watu waliyaita mabasi ya bure, na walimaanisha. Milango mitatu inafunguka kwa pamoja, dereva yuko kwenye kibanda chake mbele, mashine ya kadi ya Oyster iko kwenye nguzo karibu na mlango. Mwenye nia anagusa, asiye na nia anatazama dirishani. Wakaguzi wakitokea kituoni, unaona watu wa nyuma wote wanamwagika nje kupitia mlango wa tatu kabla basi halijasimama vizuri. Mji gani utavumilia hasara hiyo? Yaliletwa 2004, wakachoka nayo, wakayatoa.

#3 Mzee_wa_Magomeni
Vijana mnaongea kana kwamba basi la kukunjika Dar limeanza na mwendokasi. UDA, shirika la usafiri la Dar, walikuwa na kumbakumba, Ikarus za Hungari, na shirika lenyewe lilizaliwa 1974 baada ya DMT, kampuni ya mabasi iliyolitangulia, kugawanywa. Ukisimama kwenye ile sahani ya katikati, pale basi linapokunjika, basi likikata kona unajiona wewe bado unageuka, mwenzako wa mbele ameshanyooka. Zilibeba watu! Na hazikufa kwa sababu ya urefu. Miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni, spea zitatoka wapi?

#4 Njia_507
MtuWaLeyton, mwaka si huo. Citaro G za kwanza London ziliingia Juni 2002, njia za 507 na 521, zile zilizokuwa zikichukua watu wa treni pale Waterloo. Zikafuata 436 na 453 mwanzoni mwa 2003, 18 mwishoni mwa mwaka huo, halafu nyingine hadi 2006: 12, 25, 29, 38, 73, 149 na 207. Hiyo 25 yako ndiyo ya 2004.

Waendeshaji nao hawakuwa wamoja. 507 na 521 zilikuwa za London General iliyo chini ya Go-Ahead. 29, 38, 73 na 149 Arriva. 25 Stagecoach. 18 na 207 First. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: London kampuni haili nauli. Transport for London inatangaza zabuni ya njia, kampuni inalipwa kwa mkataba wa kutoa huduma, nauli yote inakwenda kwa mamlaka. Kwa hiyo mtu akipanda bure, dereva na tajiri wake hawapotezi senti. Hasara yote inalala kwa mamlaka, na mamlaka inaongozwa na meya. Ukiliona hilo, utaona kwamba nauli na siasa si sababu mbili tofauti.

#5 MtuWaLeyton
Shukrani kwa mwaka, nilisema ya njia yangu. Hoja ya nauli umeikoleza wewe mwenyewe.

#6 Usukani_Kusini
Nimeziendesha hizo upande wa kusini mwa London, kampuni siitaji.

Kwanza, kuhusu kona mnaziogopa bure. Citaro G inapinda karibu sawa na basi la mita 12, kwa sababu kiungo kinafanya kazi. Injini iko mkiani, ekseli ya tatu ndiyo inayosukuma, kwa hiyo kipande cha nyuma ndicho kinachokipeleka cha mbele. Barabara ikiwa na maji au barafu, kipande cha nyuma kinataka kukipita cha mbele. Ndiyo maana chini ya ile sahani kuna hidroliki inayokaza kiungo pembe ikianza kuzidi. Ukishazoea, ni basi tulivu kuliko la ghorofa.

Shida yenyewe ilikuwa makutano. Taa inakuruhusu, unaingia, foleni ya mbele inasimama ghafla, na mkia wako umebaki juu ya mistari ya njano umewafungia wa upande wa pili. Hapo kila mtu mjini anakuchukia, na wanakuona vizuri maana huna pa kujificha na mita 18.

Pili, baiskeli. Mtu anaanza kulipita basi akidhani ni la urefu wa kawaida. Akifika katikati anagundua kuna lingine mbele yake. Na wewe dereva, basi likiwa limejikunja kuelekea kushoto, kioo cha kushoto kinakuonyesha ubavu wa basi lako tu. Yule wa baiskeli humwoni kabisa. Kwa hiyo watu wa baiskeli walipolalamika, mimi niliwaelewa.

#7 Gerezani_Kituoni
Asante sana Usukani, nilikuwa namsubiri mtu wa aina yako. Lakini nijibu hili: Ujerumani hakuna baiskeli? Hakuna makutano?

#8 Likoni_mpaka_Hamburg
Baiskeli ziko, tena nyingi kuliko London. Hamburg Citaro G ni kitu cha kila siku, na njia ya Metrobus 5 ilipozidiwa na watu wakaleta CapaCity L, ndugu yake Citaro, mita 21. Sijasikia mgombea akiomba kura kwa kuahidi kuliondoa.

Tofauti ninayoiona mimi ni barabara. Njia kubwa zimetengewa mabasi kwa sehemu ndefu, na wapanda baiskeli wana upande wao mahali pengi. Nauli nayo: kwenye njia kama hiyo ya 5 unapanda mlango wowote, hakuna geti. Lakini wakaguzi wanavaa kiraia, wanaingia kama abiria, mlango ukifungwa ndipo wanatoa vitambulisho. Huna tiketi ni yuro 60. Huwezi kumwagika nje kama watu wa Leyton, kwa sababu hujui nani ni nani.

#9 ChumaMoto
Mbona wote mnaukwepa moto? Kati ya Desemba 2003 na Machi 2004 ziliungua tatu London, zikaondolewa zote barabarani kwa muda zikaguliwe. Zilikuwa mpya! Baadaye zilipostaafishwa, Arriva walipeleka 68 Malta. Agosti 2013 zikaungua tatu ndani ya siku chache, serikali ya Malta ikazipiga marufuku na Arriva wakafukuzwa. Nchi mbili, basi lilelile. Mnataka ushahidi gani tena?

#10 Msida_Zamani
Nilisoma Malta kipindi hicho, nisahihishe kidogo. Arriva hawakufukuzwa kwa moto. Walianza Julai 3, 2011, wakachukua nafasi ya yale mabasi ya zamani ya rangi ya njano yaliyokuwa mali ya madereva wenyewe, na tangu wiki ya kwanza kulikuwa na kelele za ratiba na msongamano. Mabasi marefu yalizuiwa Agosti 2013, wao wakaondoka mwisho wa mwaka huo. Serikali ikaendesha kwa muda, kisha Januari 2015 wakaingia Wahispania wa León.

Malta barabara ni za vijiji vilivyoungana. Kona ya kanisa, duka, kona nyingine. Mita 18 ilikuwa ikisimamisha mtaa mzima hata bila moto. Kwa maoni yangu moto uliwapa serikali sababu rahisi ya kufanya jambo ambalo watu walikuwa wakililia tangu mwanzo.

#11 Fundi_Keko
Niingie kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo penye kazi.

Basi la zamani lina injini chini ya sakafu. Ikarus ya Mzee_wa_Magomeni, ile 280, injini imelala katikati ya ekseli ya kwanza na ya pili, na juu yake ndipo abiria anakanyaga. Ndiyo maana unapanda ngazi. Ukitaka sakafu ishuke mpaka sentimita 32 hivi kutoka barabarani, kama Citaro, lazima kila kitu kikubwa kiondoke chini. Injini inakwenda mkiani. Gia boksi inaifuata. Rejeta, tabo, eksozi, pampu ya usukani, vyote vinabanwa kwenye chumba kimoja. Na ekseli ya nyuma haiwezi kuwa ya kawaida yenye bakuli la difu katikati, kwa sababu bakuli lingetoboa sakafu. Wanatumia ekseli iliyoshushwa: mhimili unapita chini ya usawa wa kitovu cha gurudumu, na kila upande kuna gia za ziada za kuupandishia mzunguko. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi, lakini ukiiharibu utaijua bei yake.

Sasa turudi kwenye moto. Chumba kile kina joto, kimebanana, kina mabomba ya dizeli na ya hidroliki, na abiria wamekaa mbele yake. Bomba moja likisugua mahali, likatoa jasho la mafuta juu ya eksozi, umeshawasha jiko. Hili si la Citaro peke yake, ni la basi lolote la sakafu ya chini lenye injini mkiani. Na zile za Malta zilikuwa zimeshafanya kazi London miaka, zikapelekwa kwenye joto la Agosti la Mediterania. Mimi kabla ya kulaumu modeli ningeomba kwanza daftari la matengenezo.

#12 ChumaMoto
Fundi, za London 2004 zilikuwa na umri gani? Hilo daftari lingekuwa na kurasa ngapi?

#13 Fundi_Keko
Chombo kipya nacho kinaungua, bomba likifungwa vibaya kiwandani. Ndiyo maana ziliitwa zikaguliwe, zikarudi kazini, zikakaa barabarani miaka mingine saba. Kama moto ndio uliozitoa, mbona hazikutolewa 2004?

#14 MamaPacha
Ekseli siijui, ila nina la kusema. Nilikuwa naishi London nikiwa na watoto mapacha na kigari cha watoto wawili, kile kipana. Basi la kukunjika ndilo lililonitoa nyumbani. Unaingia mlango wa katikati bila kukunja kitu, kuna uwanja mpana, unafunga breki ya kigari, umemaliza. Njia kama 38 na 73 kabla ya hapo zilikuwa za Routemaster za zamani, yale mabasi ya ghorofa yenye kijukwaa nyuma na ngazi. Mwanamke mmoja na watoto wawili wachanga ungepanda vipi?

Walipoleta ya ghorofa badala yake, nafasi ya kigari ikabaki ndogo, na akiwepo mwenzio mwenye kigari kingine unasubiri basi linalofuata. Kwenye mabishano yote ya magazetini sikumwona mtu akituuliza sisi.

#15 Kimara_Baruti
Dada umesema kweli. Ila hizo Routemaster za zamani si ndizo Boris alizifuta pia? Nilisikia alikuwa anazipenda.

#16 Njia_507
Hapana, hapo mambo yamegeuzwa. Routemaster za zamani ziliondolewa kwenye huduma ya kawaida Desemba 2005, za mwisho njia ya 159, wakati meya ni Ken Livingstone. Sababu kubwa ilikuwa hiyo ya MamaPacha na ya watu wenye ulemavu: sheria ya 1995 na kanuni za 2000 zilishaweka wazi kwamba mabasi yasiyoingilika yana mwisho wake. Basi la ghorofa moja lilipewa mpaka Januari 2016, la ghorofa mbili mpaka Januari 2017. London ikawahi mapema.

Boris alikuja na Routemaster mpya, iliyotengenezwa na Wrightbus wa Ireland ya Kaskazini na kuchorwa na studio ya Heatherwick. Ilianza Februari 2012 njia ya 38, zikaundwa 1,000. Na angalieni: ina milango mitatu, abiria waliruhusiwa kupanda mlango wowote. Januari 2020 utaratibu huo ukasitishwa, kila mtu apande mbele. Sababu iliyotolewa? Kukwepa nauli.

Na jingine kwa Gerezani: Citaro haikuondoka London. 2009 pale 507 na 521 waliondoa ndefu wakaweka Citaro za mita 12, modeli ileile bila kiungo. Zilifanya kazi mpaka 2016 zilipoingia za umeme za BYD na Alexander Dennis. Kwa hiyo walichokikataa ni urefu na milango. Basi lenyewe walibaki nalo.

#17 MtuWaLeyton
Umeona? Nauli! Nilisema tangu post namba 2. Mlango wa nyuma ukiwa wazi, Mwingereza na Mswahili wote wanasahau kadi.

#18 Likoni_mpaka_Hamburg
Mlango si tatizo, kaka. Tatizo ni kuweka milango mitatu bila kuajiri wakaguzi wa kutosha.

#19 KitiMwendo
Natumia kiti mwendo. Nimeishi Uingereza, sasa niko Dar, kwa hiyo nimepanda aina zote mnazozisema.

Basi la sakafu ya chini linavyofanya kazi kwa mtu kama mimi ni hivi. Dereva anasimama sambamba na ukingo wa barabara, anabonyeza, mifuko ya hewa ya upande wa kushoto inatoa upepo na basi linainama kuelekea kwako. Rampu inatoka mlango wa katikati. Unapanda mwenyewe, unageuza kiti kiangalie nyuma, mgongo kwenye ile pedi. Hakuna aliyekubeba. Mtu ambaye hajawahi kunyanyuliwa mbele za watu kama mzigo hawezi kujua maana ya hilo.

Lakini basi likiwa zuri, watu nao wawe tayari. Katika mji mmoja wa kaskazini niliachwa kituoni kwenye mvua kwa sababu nafasi ilikuwa na kigari cha mtoto na mwenyewe hakutaka kukikunja, dereva akasema hana la kufanya. Jambo kama hilo lilimpata Doug Paulley mwaka 2012, akaishtaki FirstGroup mpaka Mahakama ya Juu. Januari 2017 ikaamuliwa kwamba haitoshi dereva kuomba tu na kuendelea na safari, anapaswa kufanya zaidi ya hapo kumshawishi anayezuia nafasi. MamaPacha, sikulaumu wewe. Nawalaumu waliotupa nafasi moja tugombanie sisi wawili.

Kuhusu Dar: mwendokasi wamefanya kwa njia nyingine. Sakafu ya basi iko juu, kituo ndicho kilichoinuliwa kifikie basi. Ndani ya mfumo ni nzuri, unaingia usawa kwa usawa. Ila inategemea dereva alisogeze basi jirani kabisa na jukwaa. Pengo la shibiri moja linatosha kulimeza gurudumu dogo la mbele. Na nje ya vituo vile, basi hilohilo halikusaidii chochote.

#20 MamaPacha
KitiMwendo, pole, na nimekuelewa. Kwenye lile refu tuliweza kukaa wote wawili, na hilo ndilo lililoniuma walipoliondoa.

#21 Gerezani_Kituoni
KitiMwendo, hapo umegusa kitu ambacho sikukiweka kwenye hoja yangu. Kuna njia mbili za kufika palepale: ushushe sakafu au uinue kituo. London hawakuweza kuinua vituo, kila kona ina kituo na kila njia ina kampuni yake. Sisi tulijenga barabara mpya na vituo vyake, tiketi unakata kabla ya kufika jukwaani, kwa hiyo milango mitatu haituletei shida ya MtuWaLeyton. Zile 39 za mita 18 zilizoanza 2016 pamoja na 101 za mita 12 zilikuwa na mazingira ambayo Citaro haikuyapata London.

#22 Rongai_Mwisho
Wabongo mnajisifu na vituo, sisi Nairobi tuko kwenye ngazi. Matatu ya viti 33 imejengwa juu ya chesisi ya lori, Isuzu FRR au NQR. Bodi inachorwa vizuri, muziki unapiga, lakini kupanda ni ngazi tatu za chuma na makanga anakuvuta mkono. Nyanya yangu anaanza kufikiria zile ngazi akiwa bado nyumbani.

Kitu cha kuchekesha, hao Stagecoach mnaowataja kwenye 25 walikuwa hapa kwetu. Kenya Bus ilikuwa yao mpaka 1991.

#23 Mzee_wa_Magomeni
Kijana, 1991 ndiyo waliingia. Walinunua asilimia 75 ya Kenya Bus Service kutoka kwa United Transport, wakauza 1998. Nilikuwa napita Nairobi na Mombasa miaka hiyo, rangi zao nazikumbuka.

#24 Rongai_Mwisho
Asante mzee. Basi walikuja na kuondoka kabla sakafu ya chini haijafika kwetu. Na sasa BasiGo wameleta ya umeme tangu 2022, kelele zimepungua, ila ngazi bado.

#25 Yakhe_wa_Ruwi
Assalaam aleikum kutoka Muscat. Huku Mwasalat, zamani ikiitwa ONTC, walianza upya Novemba 2015 kwa njia ya Ruwi mpaka Mabela, mabasi ya MAN ya sakafu ya chini. Yakhe, nilikuwa nikiamini Muscat hakuna mtu atakayepanda basi. Sasa ukenda Ruwi saa za magharibi utawaona watu wa kila nchi wamejipanga, na mzee wa kutoka Zanzibar kama mimi, magoti yamechoka, napanda bila kushika kitu.

Joto la hapa ni kali kuliko la Malta. Kwa hivyo mimi naungana na Fundi, suala ni matunzo.

#26 Kimara_Baruti
Swali la kibiashara. Zile za London zina usukani wa kulia na milango ya kushoto, sawa na sisi. Malta wanaendesha kushoto pia, ndiyo maana zilikwenda huko. Kwa nini hakuna tajiri aliyezileta Dar au Mombasa?

#27 Rongai_Mwisho
Kenya gari lililozidi miaka minane haliingii. Hizo zilipoanza kutolewa 2009 nyingi zilikuwa zimebakiza miaka michache tu.

#28 Fundi_Keko
Na Bongo umri ukizidi ushuru unapanda. Lakini achana na ushuru. Basi la sakafu ya chini lililete kwenye matuta yetu uone. Citaro ina kitufe cha kulipandisha juu kidogo, dereva akikaribia tuta anainua, akipita anashusha. Je, dereva mwenye hesabu ya siku atakumbuka? Tumbo likigonga, unachogonga ni mabomba ya upepo na nyaya. Halafu bonde la Jangwani likijaa maji, sakafu ya sentimita 32 iko ndani ya mto. Mwaka 2018 tuliona mafuriko ya pale yalivyoyafanya mabasi ya mwendokasi, na hayo sakafu yao iko juu.

#29 Usukani_Kusini
Kuna sababu moja hamjaitaja, nayo ni madereva. Citaro G moja ilibeba karibu watu 140, wengi wamesimama. Ukiitoa ukaweka ya ghorofa, unahitaji mabasi mengi zaidi kwa watu walewale, na kila basi lina dereva wake. Kwa mamlaka hiyo ni gharama ya kila siku, kwa hiyo anayesema waliyatoa ili kuokoa pesa ajibu hilo. Kwa upande mwingine abiria wa London anapenda kukaa, na ghorofa inampa kiti na dirisha. Wazee wengi waliniambia hivyo mlangoni: basi lako linanisimamisha mpaka Lewisham.

#30 MtuWaLeyton
Pesa ya dereva unaiona kwenye hesabu. Pesa ya asiyegusa kadi huioni, unaikadiria tu, na kitu cha kukadiria kila mwanasiasa anakikadiria anavyotaka. Bado nasimama na nauli.

#31 ChumaMoto
Na mimi nasimama na moto. Hakuna aliyenijibu kwa nini ziungue tatu zikiwa mpya.

#32 Msida_Zamani
Umejibiwa na Fundi, hukupenda jibu.

#33 KitiMwendo
Fundi_Keko, niachie mabishano yao, nina swali langu. Hawa waunda bodi wetu wa hapa hawawezi kuchukua chesisi wanayotumia sasa wakashusha sakafu sehemu ya mbele tu, mlango mmoja, nafasi ya kiti kimoja?

#34 Fundi_Keko
Kwa chesisi ya lori, hapana. Reli mbili za chuma zinapita mbele mpaka nyuma, na injini iko mbele palepale unapotaka kushusha. Ukikata reli umeua gari. Kinachowezekana ni kuagiza chesisi ya basi yenye injini nyuma, iliyotoka kiwandani ikiwa chini kuanzia mlango wa mbele mpaka wa katikati, halafu sakafu inapanda kwa ngazi kuelekea nyuma juu ya ekseli ya kawaida. Hata Citaro ina toleo la namna hiyo, LE. Ekseli ya kawaida fundi yeyote wa Keko anaifungua, na bodi inajengwa hapahapa. Rampu iwe ya mkono, bamba lenye bawaba unalolifunua kwa ndoano. Ya umeme usiiguse, itakufa kwa vumbi.

#35 KitiMwendo
Mlango wa mbele mpaka wa katikati unanitosha kabisa. Rampu ya mkono ndiyo niliyoipenda kuliko zote hata huko Uingereza, maana haigomi. Mwenye kujua bei ya chesisi ya namna hiyo ikifika bandarini Dar aiweke hapa, na aseme ni ya kampuni gani.